Sura ya Saba: Majivu Sikioni

Faili ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka. Inspekta Mkuu Silas Kathuri aliifungua juu ya meza ya wakili wa mashtaka mjini Embu, akahesabu kurasa. Zilikuwa sitini na moja.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, Inspekta." Maxine Mukiri, wakili wa miaka thelathini na mmoja, aliendelea kumwagilia ua lililokuwa dirishani. "Faili ya polisi haikuonekana. Hiyo ni nakala ya mahakama. Maafisa walioshika kesi walikuwa watano. Watatu wamekufa, mmoja amestaafu. Aliyebaki kazini ni wewe."

Kathuri aliijua kesi bila faili. Machi mwaka 2003, Ndwiga, mchuuzi wa mbuzi kutoka upande wa Kiritiri, aliuawa kwa panga kwenye korongo. Mbuzi wanane wenye alama yake walipatikana nyumbani kwa mtu aitwaye Njuki, umbali wa kilomita kumi na nane. Kesi ilianza kusikizwa miezi michache baadaye, na mwaka 2005 jaji alimhukumu Njuki kunyongwa hadi kufa. Kathuri alikuwa konstebo wa miaka ishirini na sita, na ushahidi wake aliutoa akiwa amevaa viatu vya kuazima.

"Mwaka 2009 hukumu zote za kifo ziligeuzwa kuwa vifungo vya maisha, ya Njuki ikiwemo," Maxine alisema. "Halafu Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe kutoa kifo kwa kila muuaji. Kwa hiyo Jumatatu Njuki anasikizwa upya, hukumu tu. Anaweza kupewa miaka, anaweza kubakishiwa kifungo cha maisha. Na jaji akitaka, anaweza kurudisha kitanzi. Hakijafutwa kwenye sheria, kimelala tu."

"Familia inasemaje?"

Maxine alimsukumia barua moja. Ilitoka kwa Jedidah, mjane wa Ndwiga. *Mume wangu hakupewa rufaa. Anyongwe.*

"Kutoka kwako nataka ukurasa mmoja," Maxine alisema. "Mauaji yalifanywa kwa ukatili gani, na mshtakiwa alionyesha majuto au la. Leo ni Alhamisi. Nikiupata kesho mchana, sawa."

Kathuri alianza na karatasi ya mkemia wa serikali. Nyumbani kwa Njuki walichukua kisu kidogo chenye damu, wakakipeleka Nairobi wakiwa na uhakika kwamba kesi imekwisha. Jibu likarudi kuwa ni damu ya mnyama. Upande wa mashtaka uliweka kisu kando, na panga lililoua halikupatikana kamwe. Hapo hapakuwa na njia.

Alifungua maelezo yake mwenyewe. Yalipigwa kwa taipureta ya kituo, ile ambayo herufi ya R ilikuwa ikiruka juu ya mstari, na kwa sekunde moja alisikia harufu ya chumba kile: mafuta ya taa, sare zenye jasho, chai ya Sajini iliyokolea tangawizi. Akasoma kwa sauti.

"'Mshtakiwa hakuonyesha majuto. Alipokamatwa aliuliza jambo moja tu, kama mwanambuzi atapelekwa pamoja na mama yake.'"

"Ukatili huo," Maxine alisema. "Mtu amekufa, yeye anafikiria mbuzi. Hata jaji aliitaja kwenye hukumu."

"Orodha ya vielelezo inasema nini?"

Maxine aliipekua. "Kielelezo nambari nne. Mbuzi wanane wakubwa."

"Na mwanambuzi?"

"Hayupo."

"Alikuwepo. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari."

"Inspekta, ni mtoto wa mbuzi. Nani angemwandika?"

"Hakuna aliyemwandika. Ndiyo maana namuulizia." Kathuri aliichukua picha ya ushahidi. Ilionyesha masikio ya mbuzi wanane, na kwenye kila sikio la kushoto mapengo mawili, alama ya Ndwiga. Ukingo wa kulia wa picha ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Aliigeuza. Nyuma kulikuwa na mhuri wa bluu uliofifia wa Studio ya Ali, Embu.

*

Studio ilikuwa pale pale, karibu na msikiti, ila mlango sasa ulikuwa wa kioo. Msichana aitwaye Latifah alikuwa akikata picha za pasipoti huku akipanga foleni ya watu waliotaka kuchapisha vyeti vya chuo. Kathuri alionyesha kitambulisho. Latifah akaangalia mhuri nyuma ya picha, akapaza sauti kuelekea nyuma ya pazia.

"Baba! Kuna mtu ana picha yako ya zamani za kale!"

Mzee Ali alitoka polepole, kofia ya kufuma kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Alimtazama Kathuri kuanzia viatu hadi nywele.

"Konstebo," alisema. "Ulikuwa mwembamba kama waya wa redio. Nani alikulisha?"

"Serikali, Mzee."

"Basi kodi yangu naiona." Alicheka hadi akakohoa. "Ulipiga picha hapa na yule msichana wa benki. Mbele ya ndege."

Kathuri aligeuka. Ukutani, nyuma ya mashine ya kuchapisha, turubai ya zamani ilikuwa bado imetundikwa. Ilikuwa na ndege ya abiria iliyochorwa kwa rangi za mafuta ikipaa juu ya maporomoko ya maji, na ngazi ambayo mtu angesimama pembeni yake kana kwamba anasafiri. Siku za Jumapili foleni ilikuwa inafika barabarani. Watu wa Siakago, wa Runyenjes, askari, walimu, maharusi, wote walisafiri kwa ndege ile bila kutoka Embu. Msichana wa benki alikuja kuwa mke wake. Picha yao ilikuwa sebuleni Meru hadi leo.

"Machi 2003," alisema. "Picha za mbuzi."

"Za polisi sikuzitupa hata moja. Mkubwa wenu alizikata kwa mkasi wangu, juu ya meza hii, akasema mahakama inataka masikio tu. Lakini filamu ni yangu." Mzee Ali aliinama chini ya kaunta akatoa kopo la biskuti lenye utepe wa karatasi. Ndani, vipande vya filamu vilikuwa vimekunjwa kwenye bahasha, kila bahasha na mwezi wake, kwa maandishi ya kalamu ya wino.

Latifah aliuweka ukanda kwenye mashine, na picha ikatokea kwenye kompyuta kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini. Kwanza anga, kisha paa la nyasi, kisha mbuzi wanane kwenye mstari. Upande wa kulia, pale palipokatwa, akatokea konstebo kijana mwenye kofia iliyomzidi, anacheka, na kifuani amemkumbatia mwanambuzi mweupe.

"Ni wewe?" Latifah aliuliza.

"Ni mimi. Kuza sikio la huyo mtoto. La kushoto."

Sikio lilijaa kioo chote. Mapengo mawili. Kingo zake zilikuwa na weusi wa damu iliyoganda, na juu yake tabaka la kijivu. Chini ya tumbo, kipande cha kitovu kilikuwa bado kinaning'inia. Na kwenye shati la sare la konstebo, mahali sikio lilipogusa, kulikuwa na doa lile lile la kijivu.

"Vumbi," Kathuri alisema. Alikumbuka hata alivyojipangusa, kwa maana Gitobu, mkubwa wake, alichukia sare chafu.

"Vumbi gani?" Mzee Ali alisogeza miwani. "Hayo ni majivu. Ndugu yangu Adan alikuwa na bucha hapa miaka thelathini. Mbuzi wa kutoka chini huko wakija wadogo, alikuwa anawaona hivyo. Watu wa Mbeere, upande wa Kiritiri, wakikata alama wanapaka majivu ya jikoni, damu ikome na nzi wasikae."

"Yanadumu siku ngapi?"

"Mbili. Akinyonya na kujikunakuna kwa mama yake, hata mbili hayafiki."

Kathuri alitoa daftari. Aliandika tarehe moja chini ya nyingine. Jumanne, Ndwiga anaonekana sokoni kwa mara ya mwisho. Ijumaa, maiti inapatikana, na daktari anasema ina siku tatu. Jumamosi saa moja asubuhi, Njuki anakamatwa. Jumamosi saa tatu, picha. Kisha akaandika neno *kisu*, na mbele yake *damu ya mnyama*, akapiga mstari chini yake.

"Nichapishie nne, kubwa," alimwambia Latifah. "Na unipe risiti yenye saa."

*

Alimpigia Inspekta mstaafu Gitobu akiwa amesimama kando ya gari. Gitobu alikuwa shambani kwake Nkubu. Nyuma ya sauti yake wachumaji wa majani chai walikuwa wakiitana.

"Muga, Mzee," Kathuri alimsalimu kwa Kimeru.

"Muga muno. Kathuri! Nilidhani umesahau namba yangu tangu uwe mkubwa."

Kathuri alimweleza kwa mpangilio, kama walivyozoea kuripoti enzi zile, wakati Gitobu alimfundisha kutoanza sentensi na *nadhani*. Gitobu alisikiliza hadi mwisho.

"Yule Ndwiga nilimfunika kwa koti langu mwenyewe," alisema. "Uliona uso wake? Haukuwa uso. Mtu akimfanyia mwenzake vile, unamlisha ugali miaka ishirini na miwili kwa sababu gani? Nilisema wakati ule, nasema leo, huyo alistahili kamba. Na wangenyonga watano tu, mapanga yangelala."

"Sibishani kuhusu aliyefanya, Mzee. Nauliza kama ni Njuki."

"Alama ilikuwa ya marehemu!"

"Ndiyo. Kwenye sikio lililokatwa Ijumaa, au Jumamosi alfajiri, kwa kile kisu kidogo. Ndwiga alikuwa amekufa tangu Jumanne."

Mchumaji mmoja aliita mwenzake kwa jina.

"Labda alimkata ili tukifika aonekane mwaminifu," Gitobu alisema.

"Tulimvamia saa moja asubuhi. Alikuwa hajavaa shati. Kama alijua tunakuja, kwa nini hakukimbia? Mwizi wa mbuzi hukata sikio ili alama ya mwenyewe iondoke. Huyu alikata ili iwekwe. Alisema kwenye maelezo yake kwamba mbuzi ni wa Ndwiga, aliachiwa awachunge."

"Wote husema hivyo."

"Wote husema. Ndiyo sababu hatukuangalia. Mzee, wewe ni wa Nkubu, mimi ni wa Githongo, sote watu wa Meru. Kwetu ng'ombe anakaa bandani na ana jina lake. Kuna siku hata moja mimi au wewe tulikata sikio la mbuzi?"

Gitobu alipojibu, sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko mwanzo.

"Kama kamba ingefanya kazi yake, leo usingenipigia simu."

"Ni kweli, Mzee. Picha ingebaki kwenye kopo la biskuti."

*

Barabara ya kushuka Kiritiri ilikuwa ya lami sasa. Kathuri aliikumbuka ya vumbi jekundu lililokuwa likiingia hadi kwenye mkate. Upande wa kushoto na kulia, mashamba ya mtama aliyoyajua yalikuwa yamegeuka vichaka vya muguka, majani ya kutafuna, vilivyopangwa kwa kamba. Kibanda alichokuwa akinunua uji wa wimbi kilikuwa kimekuwa duka la simu. Kituo kile cha zamani kilikuwa kimebomolewa, na pale ulipokuwa mlingoti wa bendera palikuwa na rundo la mchanga likisubiri lori. Hakusimama.

Jedidah alikuwa ameketi barazani akipepeta ndengu kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka. Alimwangalia Kathuri akitembea kutoka barabarani bila kuacha kupepeta.

"Wewe ni yule askari wa kushika mbuzi," alisema.

"Ndimi, Mama Igoki. Hujambo?"

"Niko. Keti hapo, kiti hicho kina mguu mbovu, usiegemee." Aliweka ungo chini. "Kama umekuja kunishawishi nimsamehe, yule mama wa probesheni kutoka mahakamani alishakuja. Mpole sana. Alikunywa chai yangu akaenda."

"Sikuja kwa hilo. Nina maswali machache."

"Kwanza nikuulize mimi. Yule mtu anamwandikia mama yake barua kila Krismasi. Mama yake anazisomewa kanisani, na mimi niko kiti cha tatu nasikiliza. Ndwiga anaandikia wapi? Nimelea watoto wanne. Wa mwisho hakumjua baba yake hata kwa sauti. Sasa niambie, wewe mtu wa sheria, kuna hukumu gani nyingine inatoshana na hiyo?"

"Sijui inayotoshana," Kathuri alisema.

"Angalau husemi uongo. Uliza."

"Siku ya Jumanne ile, Ndwiga alitoka na mbuzi wangapi?"

"Hakutoka na mbuzi. Alienda kununua."

"Zizini mlikuwa na wangapi?"

"Kumi na watano."

"Na alipokufa, zizini mlikuta wangapi?"

Jedidah aliokota chembe moja ya ndengu iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo.

"Kumi na watano."

"Kwa hiyo wale wanane tuliowapeleka mahakamani hawakutoka hapa."

"Wakili aliniuliza kama alama ni ya mume wangu. Ilikuwa ya mume wangu. Nikasema ndiyo."

"Hakukuuliza kama kuna mbuzi waliopotea zizini?"

"Hakuniuliza. Hata wewe hukuniuliza, na ulikuwa umesimama karibu kuliko yeye."

Kathuri aliandika jibu hilo kama lilivyo. "Kwa nini hukusema mwenyewe, mama?"

Jedidah alicheka kidogo, bila furaha. "Askari, wewe una mke? Mwanamume akificha mbuzi wanane kwa rafiki yake, mke wake asijue, huko kuna boma lingine anajenga. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nisimame mbele ya Kiritiri nzima niseme mume wangu alikuwa anakusanya mahari ya mwingine, na bado hajakauka kaburini? Nilijibu nilichoulizwa. Nikatoka."

"Ulikuwa ndani ya mahakama maelezo ya Njuki yaliposomwa?"

"Ningekuwaje? Mashahidi wanakaa nje, chini ya ule mti. Nilipoingia nilitoa yangu, nikaenda nyumbani."

"Hukuwahi kusikia alichosema."

"Muuaji anasema nini?"

Kathuri alifungua faili kwenye ukurasa wa kumi na nne. Alisoma polepole, bila kuongeza kitu.

"'Ndwiga ni rafiki yangu tangu tutahiriwe. Ndugu zake walikuwa wanachukua mbuzi zizini kwake kila wakiwa na sherehe, na yeye hawezi kuwakatalia. Aliniletea mmoja mmoja kwa mwaka na nusu. Alisema watakaozaliwa niwatie alama yake. Aliniambia nisimwambie mtu yeyote, hata mke wake, kwa sababu mke wake ana huruma na shemeji zake wakilia atawapa. Mbuzi ni wa kumpeleka Igoki shule ya sekondari.'"

Kuku walipita barazani wakafukuzana. Jedidah hakuwafukuza.

"Soma tena hapo pa mwisho."

Alisoma tena.

"Igoki aliishia darasa la nane," Jedidah alisema. "Wale wanane walipoletwa nilitaka kuwauza siku hiyo hiyo. Sikutaka kuwaona. Shemeji zangu wakaja wakawala mmoja baada ya mwingine, na mimi nikanyamaza, nikasema wacha waishe." Alifuta mikono kwenye kanga. "Huruma. Alisema nina huruma?"

"Njuki anasema Ndwiga alisema hivyo."

"Ni maneno yake. Alikuwa ananiambia hivyo akinichokoza."

Kathuri aliweka picha juu ya magoti yake. Hakumwonyesha sikio. Alingoja alione mwenyewe. Jedidah aliishika mbali na macho, kisha karibu, na kidole chake kikaenda moja kwa moja mahali penyewe.

"Huyu ametiwa alama juzi yake tu. Majivu bado."

"Mlikuwa mnakata lini?"

"Sisi hapa tulikuwa tukikata siku ya nne, kitovu kikianza kukauka. Kabla ya hapo sikio ni laini mno, linapasuka. Picha ilipigwa siku gani?"

"Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Jedidah alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena kwa mkono mwingine. Kathuri alimwacha afike mwenyewe.

"Ndwiga hakumkata huyu," alisema hatimaye.

"Hapana."

"Wala mimi. Wala mtoto wangu."

"Hapana."

"Na kama waliibwa Jumanne, mbuzi aliyezaa jana yake hatembezwi kilomita kumi na nane, mtoto angefia njiani." Aliiweka picha chini, uso juu. "Njuki alimkatia marehemu mbuzi wake. Hakujua hata kwamba ni marehemu."

"Ndivyo ninavyoona. Lakini mimi nikisema peke yangu, wataniambia ni askari mzee anayejisafisha. Jumatatu inahusu hukumu tu. Ili kesi yenyewe ifunguliwe upya, wakili anahitaji ushahidi mpya, kwa kiapo. Namba kumi na tano. Siku ya nne. Anahitaji aliyekuwa akilihesabu zizi hilo."

"Anahitaji mimi."

"Ndiyo, mama. Na itabidi useme kwa nini ulinyamaza."

Jedidah alinyanyuka, akaenda hadi ukingo wa baraza. Zizini, mbuzi kumi na kitu walikuwa wamelala kivulini. Wengi walikuwa weupe, na kila mmoja, sikio la kushoto, alikuwa na mapengo mawili.

"Huyo mtoto wa kwenye picha shemeji zangu walimwacha kwa sababu alikuwa mdogo, hakuwa na nyama," alisema. "Alikua. Hawa wote wametoka kwake. Mimi huwakata mwenyewe, sijui kwa nini niliendelea." Akageuka. "Yule bwana amekaa ndani miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili. Minne kati yake akingojea kunyongwa."

"Na mimi nikiomba wafanye haraka. Nilifunga na kuomba, askari. Wangenisikia, sasa hivi ungekuwa umeleta picha hii kwa nani?"

Kathuri aliifunga faili.

"Basi ni nani aliyemuua mume wangu?"

"Sijui. Tulipompata Njuki tuliacha kutafuta."

Jedidah aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu anayepokea uzito anaoujua. Akarudi, akaketi, akavuta kiti chake karibu na daftari.

"Andika. Naitwa Jedidah, mke wa Ndwiga. Zizi lilikuwa na mbuzi kumi na watano kabla, na kumi na watano baada." Alisema yote kwa nusu saa, bila kupamba, akimsahihisha mara mbili. Alisaini kwa herufi kubwa, moja moja. Kisha hakuachia kalamu.

"Lakini usinielewe vibaya. Yule wa kweli, ukimpata, mimi bado nataka anyongwe."

"Hata huyu tulikuwa na hakika naye, mama."

Jedidah aliangalia picha, konstebo anayecheka na mwanambuzi kifuani mwake. Kisha akamrudishia kalamu.

"Basi kwanza umpate," alisema. "Hayo mengine utaniuliza siku hiyo."

*

Jua lilikuwa bado juu alipoegesha gari mahali barabara inapoanza kupanda kuelekea Embu. Kutoka pale aliweza kuona tambarare yote, kahawia na kijani, hadi maji yanayong'aa ya bwawa la Kiambere. Kwenye kona hii hii, mwaka ule, walisimamisha Land Rover gurudumu likabadilishwa. Njuki, akiwa na pingu, alimshikia mwanambuzi ili anyonye, na yeye Kathuri aliona ni jambo la kuchekesha.

Maxine alipiga simu. "Inspekta, ule ukurasa wangu unaendeleaje?"

"Utakuwa zaidi ya mmoja. Na uchapishe fomu ya kiapo. Mbili."

"Mbili? Za kina nani?"

"Ya mjane, na nyingine nitakuletea."

Alifungua ukurasa mpya juu ya usukani. Aliandika jina lake, namba yake ya kazi, kituo chake cha mwaka 2003. Kisha akaandika, kwa mwandiko alioufundishwa na Gitobu, ulionyooka na usio na *nadhani*:

*Mimi ndiye ninayeonekana upande wa kulia wa picha, ile sehemu iliyokatwa kabla haijafika mahakamani. Nimemshika mwanambuzi. Doa lililo kwenye sare yangu ni majivu yaliyotoka sikioni mwake. Niliyaona siku hiyo. Niliyapangusa.*